Vifurushi Vilivyotupwa Nyuma ya Ukuta

Asubuhi ya siku ya tatu ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu, Ghaniya aliingia kwa Bi Shukriya kwa mlango wa uani, bila ya hodi, kashika sinia lililofunikwa kanga. Ujirani wao ulikuwa wa miaka thelathini na hodi walishaiacha zamani. Lakini siku hiyo Ghaniya hakukaa kitako wala hakutaka kahawa. Alilitua sinia juu ya meza ya jikoni, akaifunua ile kanga.

"Hivi si vyenu hivi?"

Mlikuwa na vifurushi vinne vya majani ya mgomba, vimefungwa kwa nyuzi za mgomba huo huo. Viwili vilikuwa vimeraruka. Tui lilikuwa limevuja likashikana na mchanga, na majani ya majimbi yaliyokuwa ndani yametokeza nje, yametafunwatafunwa ncha.

"Nimevikuta nyuma ya ukuta wa shimo la shuwa," alisema Ghaniya. "Vilikuwa sita. Viwili mbuzi wangu washavila."

Bi Shukriya alikibonyeza kimoja kwa kidole. Kilikuwa kibichi. Hakikuona moto hata dakika moja.

"Nani kavitupa?"

"Mie sikumwona mtu kwa macho yangu."

"Ghaniya."

"Haya. Mume wangu alikuwepo pale shimoni jana alasiri. Anasema Laith alipokwisha kuondoka, Khalaf alilitoa lile gunia dogo akasema hili haliingii. Ndiyo niliyoyasikia, na mie sitaki kuingia baina ya ndugu."

 Bi Shukriya alivaa abaya yake, akajitanda mtandio, akalichukua sinia.

Pale Birkat al Mauz, Oman, kila mtaa una shimo lake la shuwa. Siku ya pili ya Idi kila nyumba hupaka nyama yake bizari, ikaizonga majani ya mgomba, ikaitia katika gunia la ukindu na kulifunga alama yake. Wanaume huyashusha magunia yote shimoni juu ya makaa, wakaliziba shimo kwa bati na udongo, na haliguswi mpaka kesho yake. Alama ya nyumba ya Bi Shukriya ilikuwa kitambaa chekundu. Mwaka ule walifunga vitambaa vyekundu viwili: kimoja kwenye gunia la nyama, na kimoja kwenye gunia dogo la mkewe Laith, mwanawe.

Mke huyo aliitwa Lesieli. Kwao ni Tonga, visiwa vilivyo mbali kabisa katika bahari ya upande wa Nyuzilandi, na huko Nyuzilandi ndiko Laith alikokwenda kusoma uhandisi akarudi na mke. Lesieli alisilimu kabla ya ndoa. Siku walipofika uwanja wa ndege, Bi Shukriya alimtazama yule mwanamke mrefu, mpana wa mabega, mwenye miguu mikubwa ndani ya makubadhi, akasema moyoni: mwanangu ameniua. Alikasirika miezi sita mizima. Khalaf, mdogo wa marehemu mumewe na msimamizi wa shimo la mtaa, ndiye aliyependekeza mwanamke yule aitwe Rahila ili watu wasiulizeulize, na Bi Shukriya aliitikia. Miaka miwili alimwita Rahila.

Kilichowapatanisha ni mbuzi ya kukunia nazi. Siku moja Lesieli aliiona imetupwa stoo, kigoda na ulimi wake wa chuma, akapiga ukelele kama aliyeonana na jamaa yake. Kwao pia ipo. Aliikalia, akakuna nazi tatu bila ya kupumzika, akakamua tui kwa viganja vyake vile, zito jeupe, kasimile ya kweli. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza alimweleza mama mkwe chakula cha kwao: majimbi, muhogo, viazi vikuu, mashelisheli, nyama na vitunguu na tui ndani ya majani ya majimbi, kifurushi juu ya kifurushi, vyote chini ya ardhi juu ya mawe ya moto. Kila Jumapili nyumba zote kijijini kwao hutoa moshi wa namna hiyo. Alimweleza pia samaki mbichi wa ndimu na tui, na hapo Bi Shukriya alimwambia ya kwamba samaki mbichi hamli hata akiahidiwa pepo. Walicheka wote wawili.

Tangu hapo Lesieli alipanda majimbi kwenye mfereji wa falaj, nyuma ya migomba. Na Idi ilipokaribia akauliza: shimo la mtaani, nalo si chini ya ardhi? Vyake je, haviwezi kuingia?

"Viingie kwa nini visiingie?" alisema Bi Shukriya. Na jana yake adhuhuri walikaa pamoja wakavifunga, sita, yeye mwenyewe akikaza nyuzi kwa meno.

Sasa alikuwa njiani na sinia mikononi, jua limeshapanda na ukuta wa udongo ushaanza kutoa joto. Hapo ndipo hasira ilipomkaa sawasawa. Haikuwa hasira ya kelele. Ilikuwa hasira ya mwalimu aliyestaafu baada ya miaka thelathini na moja, aliyefundisha Kiingereza katika skuli ya wasichana na kunyamazisha darasa la watu arubaini kwa kuvua miwani tu.

Alikuwa amekwisha kuiona hadithi hii. Alizaliwa Mkunazini, Unguja mjini, na alifika Oman kwa kupitia Mombasa mwaka sabini na tatu, msichana wa miaka kumi na saba, akapelekwa Al Qabil kwa jamaa za baba yake ambao hakuwahi kuwaona. Wiki ya kwanza, kwa kutaka kuwafurahisha, alizipasua nazi mbili alizozibeba kutoka Mombasa akawapikia wali. Shangazi yake alitia tonge mdomoni akalitema kiganjani. "Chakula hiki kinanuka mafuta ya nywele," alisema, na wanawake wote wakacheka. Kwa mwaka mzima walimwita yule Mzanzibari wa mafuta. Alijifunza. Alipoolewa na Sleyum na kuhamia Birkat al Mauz alipika vya nazi mlango ukiwa umefungwa, na mgeni akibisha hodi, sufuria ilikwenda chini ya meza.

Na ndani ya nyumba ile ya milango iliyofungwa alikuwamo Khalaf. Alikuwa na miaka kumi na moja, yatima, kaletwa kutoka Wete na kaka yake, Kiarabu hakijui, analia kwa kutaka boko boko na mkate wa kumimina. Bi Shukriya, bibi arusi wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyemlea. Alimpikia, akamfundisha kusoma, akamfuta damu ya pua siku watoto wa mtaani walipompiga kwa kumwita mtumwa. Laith hajazaliwa bado. Mtoto wa nyumba alikuwa Khalaf.

Sabla ya mtaa, baraza la wanaume, ilikuwa wazi na viatu vimejaa mlangoni, vingi kuliko kawaida. Alijua kwa nini. Siku hiyo walikuja watu wa Ibra kumposa Hiba, binti wa Khalaf. Khalaf alikuwa ameitengeneza siku hiyo kwa miezi: shuwa itafukuliwa adhuhuri, wageni watakula, maneno yatakamilika. Mwanamke mwingine angerudi. Na Bi Shukriya alisita kwa kweli, mguu mmoja juu ya kizingiti, kwa sababu Hiba alimpenda. Kisha akakitazama tena kile kifurushi kilichotafunwa, akaingia.

"Assalaam aleikum."

Wanaume walijibu kwa mshangao. Wageni walikuwa watano, na mkubwa wao mzee mwenye ndevu nyeupe na bakora ya fedha. Khalaf alisimama mara moja, kanzu yake inang'aa, kilemba kimefungwa kama cha waziri.

"Shemeji, kuna nini?" alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. "Wanawake wako kwangu, kwa mama Hiba."

"Nimekuja kwako wewe." Alimjibu kwa Kiarabu, Kiarabu cha Nizwa kilichonyooka, ili kila mtu asikie. Aliinama akalitua sinia katikati ya halwa na birika ya kahawa. "Jana alasiri mwanangu alikupa gunia la vifurushi hivi mkononi. Ukamwambia inshallah. Nataka kujua baada ya inshallah kilitokea nini."

"Si wakati wake huu."

"Mbuzi wa Ghaniya walikuwa na wakati."

Mtu mmoja alikohoa. Khalaf aliwatazama wageni, akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka jambo lionekane dogo. "Jamani, mle shimoni mna nyama za nyumba thelathini. Watu wanakula kwa kuniamini mimi. Yule binti ni mgeni, hajui. Nimeona kwenye simu wanavyopika kwao. Wanazika nguruwe mzima, na kichwa chake. Mimi siwezi kuingiza kitu nisichokijua."

"Nyama iliyomo humu ni kondoo wa udhia wangu," alisema Bi Shukriya. "Umemchinja wewe, Khalaf. Siku ya kwanza, uani kwangu, kwa kisu chako. Bismillahi uliisoma wewe na mimi nimesimama pale naisikia. Kipi usichokijua?"

  Khalaf alipozungumza tena alikosea pabaya zaidi.

"Basi hiyo nazi. Harufu ya nazi ingeingia katika nyama za watu."

"Nazi!" Hapo Bi Shukriya alikiacha Kiarabu, Kiswahili kikatoka chenyewe kama maji ya mfereji uliozibuliwa. "Weye mtoto wa Wete leo nazi inakunukia? Nani aliyekuwa analia jikoni kwangu kwa kutaka tui? Mikono hii ndiyo iliyokukunia! Ulipigwa njia hii hii kwa kuitwa majina, nikakufuta pua kwa mtandio wangu, na leo umekuwa mkubwa unamtupia mwenzio chakula kwa mbuzi ili nani akuone? Ili hawa?" Aliwaelekea wageni, akarudi kwenye Kiarabu. "Nyie ni wageni wetu na mnastahiki heshima. Lakini mkiitaka nyumba hii, ijueni. Sisi ni watu wa nazi. Huyu pia."

Asili ya Khalaf wageni walikuwa wakiijua, hapana shaka. Oman hakuna posa isiyochunguzwa. Lakini kulijua jambo ni kingine, na kuwekewa juu ya sinia mbele ya kahawa ni kingine. Yule mzee alikitikisa kikombe chake kidogo, alama ya kwamba ametosheka, akakiweka chini. "Allah awatengenezee," alisema kwa upole. Baada ya dakika kumi waliomba ruhusa, wakaondoka. Shuwa ilikuwa bado iko chini ya ardhi.

Bi Shukriya alipotoka alimkuta Hiba amesimama kivulini nyuma ya mlango, kavaa nguo mpya ya kijani, hina haijakauka vidoleni.

"Mama Mkubwa," alisema Hiba, "mie nilikukosea nini?"

Swali hilo lilimchoma kuliko yote ya siku ile.

Nyumbani alimkuta Laith anatembea huku na huku sebuleni. Habari ilishafika kabla yake.

"Mama, hii vitu imekuwa kubwa sasa," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha watoto waliozaliwa huku, kila kitu hii na ile. "Tungeongea na Ammi Khalaf taratibu. Wageni, Mama! Mbele ya wageni!"

"Mkeo katupiwa chakula chake nyuma ya ukuta, na weye unanifundisha taratibu? Uliuliza nini ulipolipeleka gunia? Ulisimama ukaliona linashuka?"

"Amesema inshallah."

"Inshallah ya Khalaf! Kaa kitako, Laith. Usinitie wazimu."

Lesieli alikuwa jikoni, anakosha masufuria ambayo hayakuwa machafu. Hakulia. Alikuwa mtu wa kunyamaza anapokasirika, na mabega yake yale yalionekana kuijaza jikoni yote. Aliweka sufuria chini, akasema kwa Kiswahili chake:

"Mama. Mimi sitaki shimo yake. Mimi nachimba."

"Tutachimba," alisema Bi Shukriya.

Kesho yake, walipokwisha sali alfajiri, kabla jua halijawa adui, walikwenda nyuma ya migomba. Bi Shukriya alikuwa na miaka sitini na tisa na daktari wa Nizwa alikwishamkataza vitu vingi kwa sababu ya presha, lakini alishika jembe. Kila jembe lilipoingia alisema neno: hili la shangazi wa Al Qabil, hili la mafuta ya nywele, hili la sufuria chini ya meza. Lesieli alichimba kwa beleshi, kimya, pande kubwa kubwa. Laith aliwatazama kwanza kutoka barazani. Kisha alishuka, akamnyang'anya mama yake jembe, naye hakupinga kwa kuwa pumzi ilikuwa imemwishia.

Laith ndiye aliyetumwa kuleta mawe wadini, kwenye bonde la mto mkavu. Alirudi na pikapu imejaa, meupe na meusi mchanganyiko. Lesieli aliyagonga moja moja, hili kwa hili, akisikiliza yapi yatapasuka motoni. Mengi meupe aliyatupa kando. Mawili yalimponyoka yakabaki motoni, na moto uliposhika moja lilipasuka kwa mlio wa bunduki, kipande kikapita karibu na sikio la Laith. Laith alilala kifudifudi. Kwa mara ya kwanza tangu jana Lesieli alicheka, na Bi Shukriya naye, ingawa kicheko chake kilikuwa kikavu.

Walikuna nazi nane. Walikata majani mapya ya majimbi mferejini, wakayapanga kama sahani viganjani, wakatia nyama ya kondoo iliyobaki, vitunguu, chumvi, wakamimina kasimile, wakafunga. Mawe yalipokuwa mekundu waliyatandaza, wakapanga muhogo na viazi vikuu, vifurushi juu yake, majani ya migomba juu ya vifurushi, magunia yaliyoroweshwa, na udongo. Baada ya saa mbili Lesieli aliupapasa udongo kwa kiganja, akaashiria kwa kichwa kuwa tayari.

Ghaniya alikuja akifuata harufu, na kaleta mabinti wawili. Walikaa juu ya mkeka chini ya migomba. Bi Shukriya alikifungua kifurushi chake. Majani yalikuwa yameyeyuka yakawa laini kama kisamvu kilichotwangwa vizuri, tui limeshika nyama, na moshi umeingia kila mahali. Alikula tonge la kwanza na la pili. Alipofika la tatu machozi yalimtoka, na Ghaniya akamshika bega akidhani ni huzuni.

"Niache," alisema Bi Shukriya. "Nina hasira."

Na ndivyo ilivyokuwa. Chakula kilikuwa kitamu, na utamu wenyewe ndio uliomkasirisha. Miaka hamsini na zaidi alikuwa akijificha na kitu kizuri kama hiki. Hakuna aliyemfungia mlango ule ila yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na akamfundisha na Khalaf kuufunga. Khalaf alipotupa vifurushi alikuwa anafanya kile alichokiona jikoni kwake utotoni: mgeni anakuja, ondoa nazi. Wazo hilo halikumpunguzia hasira yake kwa Khalaf hata chembe. Lilimwongezea nyingine, ya kujikasirikia mwenyewe.

"Lesieli," alisema. Ndiyo mara ya kwanza kulitaja jina lile, na alilitaja vibaya, ulimi ukagonga meno. Mkwewe aliinua kichwa. "Nipe kingine."

Khalaf hakuja kuomba radhi, wala hakuna aliyetumwa. Posa ilikaa miezi mitatu bila ya neno, na miezi hiyo Hiba akikutana na Bi Shukriya njiani alikuwa akimwamkia shikamoo akiwa ameinamisha macho chini, akapita. Kisha watu wa Ibra walirudi. Ilisemekana yule mzee alisema nyumba yenye mwanamke wa namna ile haiwezi kuwa na siri mbaya, lakini watu husema mengi. Harusi ilifanywa baridi ilipoanza. Kadi iliandikwa jina la Laith peke yake.

"Siendi," alisema Laith, na kadi akaitupa mezani. "Kama mke wangu hayuko, mama yangu hayuko, mimi nafanya nini pale?"

"Utakwenda," alisema Bi Shukriya. "Hiba hakutupa kitu."

Alikwenda. Siku hiyo Bi Shukriya alishinda ndani, anasikia ngoma kutoka upande wa pili wa mashamba, na kila walipovuma akina mama kwa vigelegele aliuma midomo. Alimlea baba wa bibi arusi, na hakumvisha bibi arusi hata bangili. Hiyo ndiyo bei aliyolipa kwa dakika tano za sablani, na hakuwahi kusema kuwa ilikuwa ndogo. Lesieli alipomuuliza kama anajuta, alifikiri kwanza.

"Najuta kwa Hiba," alisema. "Kwa Khalaf sijuti hata ukinichanja."

Mfunguo Tatu ya mwaka uliofuata nyumba tano zilileta vifurushi nyuma ya migomba. Wengine walileta kwa kupenda, wengine kwa kutaka kuona, na mmoja kwa kugombana na Khalaf juu ya zamu za maji. Bi Shukriya hakuwauliza sababu. Aliwapanga kwa sauti yake ya darasani: weye majani, weye vitunguu, weye usiguse mawe meupe.

Udongo ulipokuwa unafukuliwa, Khalaf alipita kwenye njia ya mfereji, fimbo mkononi, peke yake. Alisimama penye pengo la ukuta. Alikuwa amekonda. Moshi wa nazi ulimpitia usoni, na kwa muda hakuondoka.

"Assalaam aleikum," alisema.

Wanawake wote walimtazama Bi Shukriya. Alijifuta mikono kwa upindo wa kanga.

"Waaleikum salaam warahmatullah," alijibu, kwa ukamilifu, kwa kuwa salamu ni haki ya Mungu na hana ruhusa ya kuizuia. Kisha akamgeuzia mgongo, akaendelea kugawa.